Walio Nje ya Mlango: Kuwasaidia Jamaa wa Mgonjwa Mahututi

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh wetu, waheshimiwa masheha, wauguzi na madaktari wenzetu, na nyinyi wazee na ndugu zetu mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi hapa Chake Chake asubuhi hii. Mmetuomba tuzungumze juu ya jamaa wa mgonjwa aliyelazwa chumba cha mahututi, ICU. Mashine na dawa tutazigusa pale tu ambapo jamaa anaziona na zinamtia khofu. Mazungumzo yetu leo ni ya yule aliyekaa nje kwenye benchi, mfuko wa nguo miguuni na chupa ya chai ubavuni, anayemkodolea macho kila atokaye mlangoni ili ausome uso wake.

Tuanze na neno ambalo mengine yote yanalifuata. Jamaa wa mgonjwa mahututi anahitaji habari, na habari hiyo apewe kwa saa yake na kwa kipimo chake, kama dawa. Habari ya kubahatisha, ya kumvizia daktari koridoni au ya kumuuliza mfagizi aliyetoka ndani, inaweza kumuumiza kuliko kimya.

Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1979 muuguzi wa Marekani, Nancy Molter, aliwauliza jamaa 40 wa wagonjwa mahututi juu ya mambo 45 wanayoweza kuyahitaji. Walichokitanguliza mbele ya vyote ni kuhisi kwamba matumaini yapo. Wengi waliouliza maswali kama hayo baada yake, katika nchi mbalimbali, wamekuta jamaa wanataka pia kujibiwa kwa ukweli na kuhakikishiwa kwamba mgonjwa wao anaangaliwa vizuri. Starehe zao wenyewe, chakula chao na mahali pao pa kulala, huziweka mwisho. Mwaka 2000 watafiti wa Ufaransa walichapisha walichokipima: zaidi kidogo ya nusu ya jamaa, baada ya kuzungumza na daktari, hawakuwa wameelewa mgonjwa wao anaumwa nini, hali yake ikoje, au anatibiwa vipi. Daktari aliondoka akiamini ameeleza, na jamaa akabaki mikono mitupu. Miaka mitano baadaye, huko huko Ufaransa, jamaa walifuatiliwa siku 90 tangu mgonjwa kutoka au kufariki, na kiasi cha thuluthi moja walikutwa na dalili za kiwewe: kushtuka usiku, mambo ya wodini kuwarudia machoni, kukwepa chochote kinachowakumbusha hospitali.

Basi tufanye nini?

La kwanza, tujue tunazungumza na nani. Kwetu mgonjwa hana jamaa mmoja. Ana baba, ami, mjomba, shangazi, wake, watoto, mashemeji, na jirani aliyemlea. Wote wana haki ya kujua, lakini haiwezekani wote waambiwe na daktari. Ndani ya saa 24 za mwanzo, muuguzi aliyempokea mgonjwa aulize mambo matatu na ayaandike ukurasa wa mbele wa faili: msemaji wa familia ni nani, msaidizi wake ni nani, na nambari zao za simu ni zipi. Msemaji si lazima awe mkubwa wa ukoo. Awe ni mtu anayeweza kufika kila siku, anayestahimili kusikia jambo zito bila ya kulipunguza wala kuliongeza, na anayesikilizwa na pande zote mbili, kuumeni na kukeni. Mzee wa ukoo abakie na heshima yake: pakiwa na uamuzi wa kukata, yeye aitwe na akae kitako pamoja na msemaji.

Hapa tuseme jambo ambalo tunaliona mno na linatusikitisha. Mume anapolazwa, mara nyingi kaka zake hushika hatamu, na mke huachwa pembeni na buibui lake akiwa mtu wa mwisho kusikia habari za mumewe. Pengine yeye ndiye anayejua mgonjwa alikunywa dawa gani, alianza kuumwa lini, na lipi hulichukia. Muuguzi amuulize kwa jina lake. Kama hatakuwa msemaji, basi msemaji akija kuzungumza na daktari aje naye.

Mnajua nini hutokea pasipo na msemaji? Asubuhi mtoto mkubwa anamuuliza muuguzi, anajibiwa "leo hajambo kidogo". Mchana ami anamuuliza daktari, anajibiwa "bado tunamwangalia". Jioni shangazi anamuuliza mwanafunzi wa uuguzi, anaambiwa "mumwombee dua tu". Hakuna aliyesema uongo. Muuguzi alikusudia presha iliyokuwa imeshuka imepanda, daktari alikusudia figo, na mwanafunzi hakujua la kusema. Lakini usiku, nyumbani, habari hizo tatu zinakutana na zinagombana, na kesho yake familia inakuja na shaka kwamba hospitali inaficha kitu. Ugomvi mwingi wa jamaa na wafanyakazi wa wodi unaanzia hapo hapo.

La pili ni kikao cha kila siku. Kiwe na saa maalumu, baada ya madaktari kumaliza raundi. Saa 5 za asubuhi inafaa, maana haigongani na Adhuhuri. Ikiwa daktari ameitwa kwa dharura, muuguzi atoke amwambie msemaji: "Daktari yuko na mgonjwa mwengine, atakuoneni saa 8." Kuahirisha kwa kusema hakumvunji mtu. Kinachomvunja ni kungoja bila ya kuambiwa. Kikao kisiwe mlangoni wala kando ya kitanda cha mgonjwa mwengine. Pasipo na chumba, hata nyuma ya pazia kwenye viti viwili inatosha, mradi daktari akae. Daktari aliyesimama na kalamu mkononi anaonekana anaondoka, na jamaa humeza maswali yake.

Daktari aanze kwa kuuliza: "Mnaelewaje hali ya baba mpaka sasa?" Asikilize mpaka mwisho. Akijibiwa "tumeambiwa ana malaria", na ugonjwa ni homa ya mapafu iliyosambaa damuni, anajua aanzie wapi. Kisha aeleze mambo manne kwa maneno mafupi: jana alikuwaje, leo yukoje, tunangoja nini, na tutaonana lini tena. Halafu aulize tena: "Mkifika nyumbani mtawaambia nini wenzenu?" Jibu la swali hilo ndilo kipimo cha kikao. Msemaji akijibu "tutawaambia anatoka keshokutwa", kikao hakijesha.

Na anyamaze. Hili ni gumu kwa sisi wataalamu kuliko kuweka mpira wa kupumulia. Mwaka 2007 yalichapishwa majaribio yaliyofanyika katika ICU 22 za Ufaransa, kwa familia 126 za wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa. Nusu ya familia zilizungumzwa nazo kama kawaida. Nusu nyengine zilipewa kikao kilichopangwa, ambamo wataalamu waliagizwa wazithamini kauli za jamaa, wazikubali hisia zao, wasikilize, waulize mgonjwa alikuwa mtu wa namna gani, na wayatoe maswali yaliyofichika. Na familia hizo zikapewa kijitabu cha kwenda nacho nyumbani. Kikao cha kawaida kilichukua dakika 20, kilichopangwa dakika 30. Na ndani ya muda huo, jamaa walizungumza dakika 5 katika kikao cha kawaida, na dakika 14 katika kilichopangwa. Yaani karibu dakika zote zilizoongezeka zilikwenda kwa jamaa. Baada ya siku 90, wenye dalili za kiwewe walikuwa asilimia 69 upande wa kawaida na asilimia 45 upande wa kikao kilichopangwa. Hakuna mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya matokeo hayo.

Kuna kauli moja tunawaomba madaktari waiache, au wakiisema waimalizie: "Hali yake imetulia." Jamaa anaelewa mgonjwa amepata nafuu, na jioni anapika pilau ya shukrani. Sema yote: "Hajazidi tangu jana, lakini bado mashine ndiyo inayompumulisha, na hatari haijapita."

Sasa twende mlangoni. Jamaa anapoingia mara ya kwanza, asiingie kavu kavu. Muuguzi atoke nje, amweleze kwa dakika mbili tatu atakachokiona. Ana mpira umepita mdomoni mpaka kwenye koo la hewa, umefungwa kwa utepe usoni; midomo imevimba na mdomo umebaki wazi. Hawezi kusema, kwa sababu mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti. Akizinduka hatatoa sauti, na hiyo haina maana kwamba amekuwa bubu. Uso na mikono imejaa kwa ajili ya maji ya dripu. Macho huenda yakawa nusu wazi na yamepakwa dawa yasikauke. Mikono huenda imefungwa kwa kitambaa laini kwenye ubavu wa kitanda, si kwa adhabu, bali asije akauchomoa mpira akiwa hajitambui. Ukichomoka, kwa mtu asiyeweza kujipumulia, tuna dakika chache tu.

Na kelele. Mashine zinalia mchana kutwa. Jamaa akisikia mlio anaganda, anatazama skrini, halafu anatazama muuguzi kwa nini hakimbii. Aambiwe mapema: mlio unamwita muuguzi aje atazame, na mara nyingi ni waya umelegea, dripu imekwisha au mgonjwa amekohoa. Kile kibano cha kidoleni kinachopima oksijeni husoma kwa taa inayopita kwenye ukucha, kwa hivyo rangi ya kucha au piko nzito, ile rangi nyeusi ya kujipambia, vinaweza kukipotosha, na namba ikaanguka ghafla hali mgonjwa yuko salama. Muuguzi hukihamishia kidole chengine au sikioni. Mama aliyepakwa piko ya harusi wiki iliyopita, jamaa watuambie tu, hapana aibu. Na tunawasihi jamaa wasiutumie muda wao wote kuhesabu namba za skrini. Namba hupanda na kushuka kila dakika, na mgonjwa yuko kitandani, hayuko kwenye skrini.

Akishaingia, avue pete na bangili, apandishe mikono ya buibui au kanzu mpaka kiwiko, anawe. Kwa sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60, kwa dawa ya kupaka sekunde 20 hadi 30, na asisahau dole gumba na katikati ya vidole. Anawe tena akitoka. Ncha za buibui na ushungi zisiburuze juu ya shuka. Kisha amkaribie mgonjwa kwa ubavuni, amshike mkono usio na sindano, ajitaje: "Baba, ni mimi Asha. Leo Jumatano, asubuhi. Uko hospitali, unapumulishwa kwa mashine, ndiyo maana huwezi kusema. Salim na bibi wanakusalimia." Tuzungumze naye kwa kudhania anasikia, hata akiwa kwenye dawa ya usingizi. Habari za nyumbani zinafaa: karafuu zimeanikwa, mtoto amerudi skuli. Kilio cha "usituache" sikioni mwake kisubiri nje, na nje pawe na mtu wa kukipokea.

Tumpe jamaa kazi. Mtu aliyesimama kama mgeni mbele ya kitanda cha mamake anaondoka ameumia zaidi. Anaweza kumpaka mafuta miguuni, kumpangusa uso kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kulowesha midomo kwa shashi iliyokamuliwa, kumchana nywele, kumwekea miwani akizinduka. Asichokifanya bila ya muuguzi ni kufungua mikono, kuinua au kulaza kitanda, kugusa kidude cha dripu, na kumnyanyua mgonjwa kwa kumhurumia.

Tunaulizwa sana juu ya saa za kukagua wagonjwa. Mwaka 2019 Wabrazili walichapisha majaribio katika ICU 36: wakati mmoja jamaa waliruhusiwa kukaa kwa muda unaofika saa 12 kwa siku, wakati mwengine muda mfupi wa kawaida. Kuchanganyikiwa kwa wagonjwa hakukupungua, na maambukizi hayakuongezeka. Lakini jamaa wenyewe walikuwa na wasiwasi na huzuni chache zaidi. Wodi zetu vitanda vinakaribiana, na faragha ya mgonjwa wa jirani nayo ni haki, kwa hivyo hatudai saa 12. Tunachokipinga ni ule utaratibu wa saa 10 za jioni, gari zima limeshuka kutoka shamba, watu kumi na tano wapange foleni, kila mmoja apewe dakika moja, na mke naye apate dakika yake moja. Afadhali wawili walio karibu naye zaidi wakae nusu saa mara mbili au tatu kwa siku, nje ya muda wa kupokezana zamu. Waliokuja kukagua wapokewe nje na msaidizi wa msemaji, wapewe habari, waombe dua, na majina yao asomewe mgonjwa. Kukagua mgonjwa ni ibada, na haipungui thawabu kwa kufanyika barazani.

Sasa kuna jambo ambalo familia nyingi linawavuruga kuliko mpira wa kupumulia. Mgonjwa anazinduka, na siye tena yule wanayemjua. Anaona wadudu ukutani, anadai wauguzi wanataka kumuua, anamfukuza mwanawe, anang'ang'ania kushuka kitandani aende kuvua. Au anakuwa kinyume: kimya, macho kwenye dari, hajibu, na watu wanadhani ametulia. Huku ni kuchanganyikiwa kunakoletwa na ugonjwa wenyewe, dawa, homa na kukosa usingizi, na huwapata wengi wa waliowekwa kwenye mashine. Kwa kawaida hupungua kwa siku au wiki kadiri maradhi yanavyopungua. Nyumbani wanasema amepandwa na jini. Wauguzi, msibishane na mama wa watu juu ya majini. Mwelezeni kwamba tunaijua hali hii na ina njia zake: taa izimwe usiku, dirisha lifunguliwe mchana, avae miwani na kifaa chake cha kusikilizia, aambiwe siku na mahali kila mara, asikie sauti anazozijua. Jamaa anaweza mengi hapa kuliko daktari.

Na dua? Karibuni nayo. Asomewe kwa sauti ya chini. Simu yenye kisomo iwekwe kwa muda kisha izimwe, apate kulala. Lakini chetezo kisiingie. Chumba kinachotumia oksijeni, kaa moja la kufukizia udi au ubani linaweza kuwasha shuka kwa namna ambayo hamtaiwahi. Zamzam na kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, visitiwe mdomoni kwa mgonjwa asiyeweza kumeza, maana vitakwenda mapafuni. Muulizeni muuguzi kama inafaa kulowesha shashi kwa zamzam na kumpangusa nayo midomo au uso.

Wazee wetu husema mgonjwa haulizwi uji. Kwenye ICU aulizwe muuguzi. Mgonjwa akilishwa kwa mpira wa puani, na hospitali ikawaomba mlete uji, basi uwe mwembamba wa kupita kwenye sindano kubwa, umechujwa mara mbili kwa chujio safi, hauna mabonge wala chicha. Kawaida ni kiasi cha mililita 200 hadi 300 kila baada ya saa tatu au nne, lakini kipimo cha mgonjwa wenu ni kile kilichoandikwa kwenye faili lake. Anayelisha ni muuguzi: hutazama kwanza kama mpira uko mahali pake, kichwa cha kitanda kikiwa kimeinuliwa nyuzi 30 hadi 45, na hupitisha maji safi mililita 30 kabla na baada. Uji mzito huziba mpira, na kuutia mpira mpya puani ni mateso kwa mgonjwa. Uji uliokaa zaidi ya saa mbili kwenye joto letu umwagwe, hata kama umetoka mbali.

Turudi kwenye benchi. Anayeuguza husahau dawa zake. Mama mwenye presha au sukari anakaa wodini usiku na mchana, vidonge vyake viko nyumbani juu ya kabati, na siku ya tatu tunampokea yeye. Muuguzi wa zamu amuulize: "Na wewe mama, unakunywa dawa gani? Umezichukua?" Wapangeni watu kwa zamu zisizozidi saa 12, na anayeondoka ampe anayekuja habari kwa maneno yale yale ya kikao. Usiku, anayelala hospitali awe na simu yenye chaji na mahali panapojulikana, ili muuguzi asizunguke baraza zote akiita jina. Mkiombwa damu, mtoaji awe na umri wa miaka 18 au zaidi na kilo zisizopungua 50; aje ameshakula na kunywa maji.

Kwetu Pemba kuna mtihani mwengine: mgonjwa kupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au kuvuka mpaka Dar es Salaam. Hapo familia huchanganyikiwa, wote wanakimbilia Mkoani bandarini, na nyumbani wanabaki watoto na mbuzi. Aende mtu mmoja na mgonjwa, aliyezoea bahari, mwenye kitambulisho chake na cha mgonjwa, kadi ya bima au mfuko wa afya kama ipo, dawa zote alizokuwa akitumia, na karatasi ya rufaa mkononi mwake, isiwe kwenye begi lililowekwa chini ya meli. Kabla ya kuondoka, daktari wa hapa amwambie msemaji kwa uwazi kwa nini anahamishwa na hatari ya njiani ni ipi. Wakifika, jina la msemaji litolewe upya, maana faili jipya halimjui.

Juu ya simu. Kundi la WhatsApp la ukoo linafaa likiwa na mwandishi mmoja. Msemaji aandike mara moja kwa siku, baada ya kikao: "Leo baba hana homa. Mashine bado. Daktari anangoja majibu ya figo kesho. Habari nyengine kesho saa 6." Hakuna picha ya mgonjwa. Yeye hakuomba kuonekana hivyo na watu mia mbili, na picha hiyo haifutiki.

Watoto wadogo waambiwe ukweli kwa kadiri yao. Mtoto anayeambiwa "baba amesafiri" anaona mama analia, na anajitengenezea sababu mbaya kuliko ukweli, mara nyingi kwamba yeye ndiye mkosa.

Tumefika kwenye zito. Mgonjwa anapokuwa haponi, waambieni kabla, si saa ile. "Tunafanya kila tunachokiweza, na tunakhofu kwamba atafariki, pengine leo au kesho." Jamaa akishalijua hilo ana nafasi ya kumwita mtoto aliye Wete, kuombana radhi, kuuliza juu ya deni na wasia. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliamua kwamba mtu ambaye kazi zote za ubongo wake zimesita, na wataalamu wakathibitisha hazitarudi, inajuzu kumwondolea mashine, hata kama moyo bado unapiga kwa kusaidiwa. Masheikh wetu mliopo hapa mnaliweza jambo hili kuliko sisi. Tunaomba mkiitwa mje kwenye kikao, mkae na daktari na familia mahali pamoja, ili isije ikawa hospitali inasema hili na msikiti unasema lile.

Saa za mwisho, aliye karibu naye zaidi aruhusiwe kuwepo na kumlakinia shahada kwa upole, bila ya kumkaririsha kwa nguvu. Kibla chetu, Pemba na Unguja, ni kaskazini, na kila muuguzi wa wodi aujue upande huo bila ya kuuliza. Kitanda chenye mashine hakigeuki kirahisi, lakini mgonjwa anaweza kulazwa ubavu wa kulia au kugeuzwa uso, mpira ukishikiliwa na muuguzi. Akifa, semeni "amefariki". Msiseme "tumempoteza" wala "hatunaye", watu wakabaki wanaulizana. Kisha kaeni kimya. Habari hiyo isipigwe kwa simu usiku kwa mwanamke aliye peke yake na watoto. Mpigieni msaidizi, mwambieni aende na mtu. Muuguzi aondoe mipira, afunge macho na kidevu, afunike, ndipo jamaa waingie. Karatasi za kuchukulia maiti zianze kuandikwa papo hapo, kwa sababu wanataka kuzika mapema, na kumngojesha mfiwa saa tatu kwa ajili ya mhuri ni dhuluma ndogo anayoikumbuka miaka.

Na kwa anayetoka hai, shukrani kwa Mola, kazi haijesha. Atakuwa dhaifu, hata kikombe kinamtetemesha. Atakuwa na ndoto mbaya. Siku nyingine hazikumbuki kabisa. Nchi za kaskazini ya Ulaya, tangu miaka ya 1980, wauguzi na jamaa huandika daftari la siku za mgonjwa: "Leo ulifungua macho. Mwanao alikupaka mafuta. Mvua kubwa nje." Baadaye husoma na kuunganisha alichokipoteza. Tafiti hazikubaliani: nyingine zilionesha kiwewe kinapungua, ila majaribio makubwa ya Ufaransa ya mwaka 2019 hayakuona tofauti. Sisi tunalipendekeza hata hivyo, kwa sababu daftari la skuli ni rahisi na linampa jamaa la kufanya katika saa ndefu za kungoja. Lisiandikwe namba za mashine, na lisisomwe kwa mgonjwa mpaka aliombe mwenyewe.

Aliyekuwa akiuguza naye aangaliwe. Baada ya miezi mitatu akiwa bado halali, anashtuka kwa mlio wa simu, hataki kula na watu, au ameacha shughuli zake, huyo aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba aliuguza mtu ICU. Masheha mnawajua watu wa shehia zenu. Mkiona mlango wa mtu wa namna hiyo umefungwa mchana, bisheni hodi.

Muda uliobaki ni wenu. Waliotoka Micheweni na Konde wana gari la kuwahi, kwa hivyo maswali yao yatangulie, na wauguzi wakuu wabaki baadaye tupange saa ya kikao kwa kila wodi.